Utunzaji wa Kinasa Sauti cha Kanda: Mwongozo kwa Walimu wa Shule za Msingi

Utangulizi

Miongoni mwa zana za kufundishia ambazo mwalimu wa shule ya msingi aweza kukabidhiwa, kinasa sauti cha kanda kina sifa mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja ni mashine imara: mota, vichwa na bodi yake huweza kudumu miaka 40 na zaidi. Kwa upande wa pili, sauti yake huharibiwa na kitu kidogo mno, yaani uchafu ambao jicho haliuoni. Mashine nyingi zilizotupwa stoo hazikufa kwa ubovu. Zilikosa tu mtu wa kuzifuta.

Mwanachuo aweza kuuliza: kuna haja gani ya kujifunza utunzaji wa mashine hii, hali simu ya mkononi hurekodi sauti bila utepe wala kichwa? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba simu haiwezi kusoma yale yaliyokwisha kurekodiwa katika kanda. Tangu miaka ya 1950 hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, sauti ya nchi yetu ilihifadhiwa katika utepe wa sumaku. Redio iliyoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na ambayo baadaye iliitwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ilirekodi katika kanda hotuba za Mwalimu Nyerere, vipindi vya elimu, na nyimbo za bendi kama Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe. Vijijini nako, wenye redio-kaseti walirekodi harusi, ngoma, mahubiri na hadithi za wazee. Kanda za redio zina maktaba na watunzaji. Zile za vijijini zimo masandukuni na makabatini, na mara nyingi kila moja ni nakala ya pekee.

Mwaka 2019 UNESCO, kwa kushirikiana na Chama cha Kimataifa cha Hifadhi za Sauti na Picha (IASA), ilitoa tahadhari kwa ulimwengu mzima. Ilieleza kwamba hatari kubwa inayozikabili kanda si kuoza kwake tu, bali ni kutoweka kwa mashine za kuzisomea, vipuri vyake, na watu wanaojua kuzitunza. Kwa hiyo mwalimu aliyekabidhiwa kinasa sauti kizima ana mlango wa kuingilia katika sauti za miaka iliyopita. Akiutunza, wanafunzi wake wataingia. Akiupuuza, hatapoteza mashine peke yake, kwa maana mashine chafu huitafuna hata kanda inayotiwa ndani yake.

Makala haya yana shabaha tatu: kueleza kwa nini uchafu huharibu sauti, kuonyesha utaratibu wa usafi ambao mwalimu aweza kuufuata bila fundi, na kupendekeza namna ya kuufanya utunzaji huo kuwa somo darasani. Mfano wetu utakuwa shule iliyo katika kata ya Mwankoko, pembezoni mwa mji wa Singida. Mahali hapo panafaa kuwa mfano kwa sababu mashine ikiweza kutunzwa huko wakati wa kiangazi, yaweza kutunzwa popote.

Sehemu za mashine na kazi zake

Kabla ya kushika pamba, yafaa mwalimu azijue sehemu anazozisafisha. Katika makala haya tutaita "utepe" ule ukanda mwembamba wa plastiki wenye rangi ya kahawia, na tutaita "kanda" utepe huo pamoja na kaseti au gurudumu lake.

Utepe ni plastiki iliyopakwa unga laini sana, aghalabu wa oksidi ya chuma, iliyo ndugu wa kutu. Kila chembe ya unga huo ni sumaku ndogo. Wakati wa kurekodi, umeme unaotoka katika maikrofoni hupita katika kichwa cha kurekodia na kuzipanga chembe hizo kufuatana na mitetemo ya sauti. Wakati wa kusikiliza, utepe hupita tena mbele ya kichwa, na mpangilio ule huzalisha umeme mdogo unaokuzwa na kupelekwa katika spika.

Sehemu ambazo utepe huzigusa katika safari yake ni hizi:

1. Kichwa cha kufutia, ambacho huondoa sauti ya zamani kabla ya kurekodi mpya.
2. Kichwa cha kurekodia na kusikilizia. Mafundi wengi hukiita hedi. Usoni pake upo ufa mwembamba kuliko unywele mara nyingi, na katika ufa huo ndimo kazi yote inamofanyika.
3. Mhimili, yaani kijiti cha chuma king'aacho kinachozunguka kwa mwendo usiobadilika.
4. Kigurudumu cha mpira, ambacho huubana utepe juu ya mhimili ili uvutwe kwa kasi iliyokusudiwa.
5. Vijiti na vigurudumu vya kuongozea utepe, ambavyo huonekana zaidi katika mashine za kanda za magurudumu makubwa.

Ndani ya mashine, pasipoonekana, ipo pia mipira ya kuvutia, ambayo mafundi huiita belti. Hiyo ndiyo inayohamisha nguvu ya mota hadi kwenye mhimili na vishikizo vya kanda.

Vumbi huanza kuua konsonanti

Wengi hudhani kwamba kichwa kichafu hupunguza ukubwa wa sauti tu, na kwamba dawa yake ni kuongeza sauti kwa kitufe. Dhana hiyo si sahihi, na kwa mwalimu wa lugha ina hasara kubwa. Tuifafanue kwa hesabu.

Utepe wa kaseti hupita mbele ya kichwa kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Irabu kama a au o ina nguvu nyingi katika mitetemo ya mamia, tuseme 500 kwa sekunde. Konsonanti kama s ina nguvu katika mitetemo ya maelfu, tuseme 5,000 kwa sekunde. Tukigawanya, tunaona kwamba mtetemo mmoja wa irabu huchukua nafasi ya mikromita 95 hivi katika utepe, hali mtetemo mmoja wa s huchukua mikromita 9.5 tu. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Sasa tuseme tabaka la uchafu lenye unene wa mikromita 5 limeganda juu ya kichwa, na hivyo kuutenga utepe nacho. Kwa kanuni ijulikanayo kwa mafundi wa sauti, utengano huo huiacha irabu yetu ikiwa na kama robo tatu ya nguvu zake. Lakini ile s hubakiwa na takriban sehemu moja kati ya ishirini na tano. Kwa maneno mengine, uchafu ambao irabu hazikuuhisi umeifuta konsonanti.

Matokeo yake darasani ni dhahiri. Mwanafunzi husikia kelele za kutosha, na huenda mwalimu akaridhika kwamba mashine inasema. Lakini mwanafunzi hawezi kutofautisha samani na thamani, zana na dhana, sindano na shindano, fika na shika. Mtoto ambaye Kiswahili si lugha ya kwanza nyumbani, kama walivyo watoto wengi wa Kinyaturu, atajifunza matamshi yaliyofifia, na kosa litahesabiwa kuwa lake. Kuongeza sauti kwa kitufe hakusaidii, kwa sababu irabu huongezeka pamoja na konsonanti.

Mashine za kanda za magurudumu huvumilia zaidi. Zikienda kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, mtetemo ule ule wa s hutandazwa katika nafasi ndefu mara nne, na tabaka lile lile la uchafu huuachia kama sehemu mbili kati ya tano za nguvu zake. Ndiyo sababu kaseti, iliyobuniwa na kampuni ya Philips na kuonyeshwa mwaka 1963 kwa ajili ya wepesi wa kubeba, ndiyo inayodai usafi mwingi kuliko zote.

Uchafu huo hutoka wapi? Sehemu moja hutoka katika utepe wenyewe, kwa kuwa unga wa oksidi humomonyoka kidogo kidogo. Sehemu ya pili hutoka hewani. Katika nyanda za Singida, mvua hukoma karibu na mwezi wa Mei, na upepo hupiga katika ardhi kavu hadi mvua zirudipo kuelekea mwisho wa mwaka. Mchanga wa huko umetokana na majabali ya itale, yale yale yaliyotapakaa kandokando ya ziwa Singidani na ziwa Kindai. Ndani yake zimo chembe za kwazi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida cha vichwa. Kwa hiyo vumbi la Mwankoko lina madhara mawili: hukifunika kichwa, na pia hukikwaruza na kukila kila utepe unapopita.

Vifaa vya usafi

Utunzaji wa kawaida hauhitaji karakana. Mwalimu ahitaji vitu vifuatavyo, na vyote vyaweza kuwekwa katika kopo moja lenye kifuniko:

Alkoholi safi ya dukani kwa dawa, hasa ile iitwayo isopropili, yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, hukauka polepole, na si ya kuchagua ikiwa ipo nyingine. Spiriti iliyotiwa rangi au mafuta ya ngozi haifai, maana huacha utando.

Vijiti vyenye pamba ncha zote mbili. Visipopatikana, mwalimu azungushie pamba au kipande cha shati kuukuu la pamba katika kijiti laini cha mti.

Kitambaa kisichotoa nyuzi, maji safi, na sabuni kidogo.

Brashi laini ya kupangusia vumbi, kama ile ya rangi za maji.

Penseli yenye pembe sita, kwa ajili ya kuzungushia kaseti.

Kuna vitu ambavyo havina budi kukatazwa kabisa. Petroli, mafuta ya taa na tina ya kuchanganyia rangi huyeyusha plastiki na mpira. Kisu, wembe, sindano na bisibisi visiguse uso wa kichwa, kwani mkwaruzo mmoja hauna dawa. Mate na pindo la nguo lililolowa jasho navyo visitumike.

Utaratibu wa kusafisha

Kazi hii huchukua dakika tano au sita. Yafaa ifanywe asubuhi kabla upepo haujaanza, juu ya meza iliyofutwa kwa kitambaa kilicholowa.

Hatua ya kwanza. Zima mashine, uchomoe waya wa umeme, na uondoe kanda. Fungua mlango wa kaseti. Pangusa vumbi kwa brashi ukielekea nje. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu.

Hatua ya pili. Katika redio-kaseti yenye vitufe vya kubonyeza, bonyeza kile cha kuchezea huku mashine ikiwa imezimwa. Vichwa na kigurudumu cha mpira vitasogea mbele, navyo vitafikika kwa urahisi.

Hatua ya tatu. Lowesha kijiti cha pamba kwa alkoholi, kisha ukikamue kidogo ili kisidondoshe matone. Futa uso wa kichwa kwa kufuata njia ya utepe, kushoto na kulia, bila kukandamiza. Tazama pamba: rangi ya kahawia uionayo ni unga wa kanda, na kijivu ni vumbi. Chukua kijiti kipya, urudie hadi pamba itoke nyeupe. Fanya vivyo hivyo kwa kichwa cha kufutia na kwa vijiti vya kuongozea.

Hatua ya nne. Futa mhimili. Uzungushe polepole kwa kidole kilichofunikwa kitambaa ili upande wote usafike. Mhimili wenye uchafu huwa kama gurudumu lenye tope, nao huvuta utepe kwa mwendo wa kuyumba, na sauti husikika ikitetemeka.

Hatua ya tano. Futa kigurudumu cha mpira kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yenye sabuni kidogo, kisha kwa maji matupu, kisha kikaushe. Alkoholi ikitumiwa mara kwa mara hukausha mpira na kuupasua. Kigurudumu hiki kisisahauliwe kamwe. Kikiwa na mafuta au utando wa kunata, hukamata utepe na kuuzungushia mwilini mwake, na hapo watu husema mashine imekula kanda.

Hatua ya sita. Acha mlango wazi kwa muda wa dakika kumi ili kila kitu kikauke. Kisha jaribu mashine kwa kanda isiyo na thamani, isikilize na uitazame, ndipo utumie kanda ya somo.

Ziko pia kaseti za kusafishia ambazo huuzwa tayari. Zile kavu hufanya kazi kama msasa laini, na zikitumiwa mara nyingi hukila kichwa. Mikono ya mwalimu ni bora zaidi. Kadhalika, ipo parafujo ndogo kando ya kichwa, aghalabu yenye rangi juu yake. Parafujo hiyo hupanga mwelekeo wa kichwa, na ikigeuzwa kidogo tu konsonanti hupotea kama ilivyoelezwa hapo juu. Ni ya fundi, wala isiguswe.

Usumaku unaobaki

Vichwa na mhimili ni vya chuma, na baada ya kazi nyingi huweza kubakiwa na usumaku kidogo. Dalili yake ni mvumo wa "shsh" unaoongezeka katika kanda ambazo zamani zilikuwa safi. Ubaya wa jambo hili ni kwamba usumaku huo huchafua kanda yenyewe kila inapopita, na madhara yake hayafutiki.

Dawa yake ni kifaa maalumu cha umeme cha kuondolea usumaku, ambacho hutumiwa kila baada ya saa 50 hivi za kazi. Mashine izimwe, na kanda zote ziwekwe mbali. Kifaa kiwashwe kikiwa umbali wa mita moja, kisogezwe taratibu hadi karibu na kichwa, kipitishwe mbele ya kila sehemu ya chuma, kisha kirudishwe taratibu hadi mita moja, ndipo kizimwe. Kikizimwa kikiwa karibu, huacha usumaku mwingi kuliko ule uliokuwapo. Shule isiyo na kifaa hiki isibuni kingine kwa sumaku ya spika. Ni afadhali kuliacha jambo hili hadi mashine ipelekwe kwa fundi.

Betri, mipira na mwendo

Katika shule isiyo na umeme wa uhakika, mashine hutegemea betri, na betri dhaifu huleta hitilafu ya hila. Mota hupungua mwendo, na sauti huwa nzito na ya kukokota. Hilo latambulika upesi. Lakini mwalimu akirekodi kwa betri dhaifu, hatatambua lolote siku hiyo, kwa sababu mashine husikilizisha kwa mwendo ule ule wa polepole. Atatambua atakapotia betri mpya, ambapo mzee aliyemrekodi atasikika akisema haraka kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Kwa hiyo kanuni ni moja: kazi ya kurekodi ifanywe kwa betri mpya au kwa umeme.

Mashine ikikaa bila kutumiwa, kama vile wakati wa likizo, betri ziondolewe, kwa kuwa huvuja maji makali yanayokula vishikio vya chuma. Vitufe vyote viachiwe pia. Mashine ikiachwa imebonyezwa kwa majuma mengi, mhimili huchimba kibonyeo katika kigurudumu cha mpira, na tangu hapo kila mzunguko husikika kama kwikwi.

Mipira ya ndani huchakaa hata bila kazi. Mingine hulegea, mingine hugeuka kuwa kama lami. Dalili zake ni mashine kuunguruma bila kuvuta, au kuvuta mwanzoni mwa kanda na kushindwa mwishoni. Mpira wa kubadilisha hupimwa kwa mzingo wake, na fundi redio wa mjini aweza kuutafuta. Ama kuhusu mafuta, mwalimu asitie tone lolote ila kitabu cha mashine kiwe kimeagiza hivyo, maana mafuta yakifika kwenye mpira huwa ni mwanzo wa kanda kuliwa.

Mwendo waweza kupimwa kwa njia rahisi. Mashine ikiwa safi na yenye betri mpya, rekodi kugonga meza mara mbili, pigo la pili likija sekunde 60 kamili baada ya la kwanza kwa saa ya mkononi. Iandike kanda hiyo "Kipimo" na uihifadhi. Siku yoyote baadaye, isikilize huku ukitazama saa. Mapigo yakitengana kwa sekunde 63, mashine imepungua mwendo kwa kadiri ya asilimia 5, nayo yahitaji betri, usafi au mpira.

Utunzaji wa kanda zenyewe

Kanda zihifadhiwe zimesimama kama vitabu, ndani ya visanduku vyake, katika kabati lenye kivuli na baridi ya kadiri, ikiwezekana chini ya digrii 25 za Selsiasi. Kabati la chini ya bati lililo karibu na dirisha la jua halifai. Zisikae karibu na spika wala mota. Kwa matumizi ya shule, kaseti ya dakika 60 yafaa kuliko ya dakika 120. Utepe wa ile ya kwanza una unene wa mikromita 18 hivi, hali wa ile ya pili una kama nusu yake, nao hunyooka na kunaswa kwa urahisi.

Kila kaseti ina vidoa viwili vya plastiki mgongoni. Vikivunjwa, mashine haiwezi kurekodi juu yake. Kanda yenye sauti isiyopatikana tena ivunjwe vidoa hivyo siku hiyo hiyo.

Sasa tuje katika jambo zito. Tuseme mzazi wa Mwankoko ameleta shuleni kaseti ya mwaka 1984, ambamo nyanya yake anasimulia kwa Kinyaturu habari za Liti wa Makiungu, mwanamke aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwalimu wa Historia ataifurahia, na mkono utakimbilia kitufe. Hapo ndipo utaratibu wote tulioueleza unapopimwa. Mashine haijafutwa tangu muhula uliopita, kigurudumu kinanata, na kanda imekaa miaka 40. Kusikilizwa huko kwaweza kuwa kwa mwisho.

Mwalimu na afuate mpango huu. Kwanza, aichunguze kanda bila kuicheza. Unga mweupe kama ukungu ni kuvu, na kanda ya namna hiyo isitiwe katika mashine. Harufu kali ya siki katika kanda za magurudumu za zamani ni dalili ya plastiki inayooza. Pili, aizungushe kidogo kwa penseli aone kama utepe unakwenda bila kukwama. Tatu, asafishe mashine na kuijaribu kwa kanda nyingine. Nne, aandae simu au kompyuta ya kunakilia kabla ya kubonyeza, ili mara ya kwanza ya kusikiliza iwe ndiyo mara ya kunakili. Njia nzuri ni kuunganisha kwa waya kutoka tundu la kusikilizia. Tano, utepe ukilia kama mlango usio na mafuta, au ukiacha utando wa kahawia kwa wingi, asimamishe mara moja na kutafuta mtaalamu. Mwisho, nakala ziwe mbili, zikae mahali pawili, na kanda irudishwe kwa mwenyewe. Ruhusa yake iombwe kabla sauti hiyo haijapelekwa nje ya darasa.

Ratiba na daftari

Kwa shule ya nyanda kavu twapendekeza ratiba ifuatayo:

Kila siku ya matumizi: funika mashine kwa kitambaa au mfuko baada ya somo. Achilia vitufe.

Kila baada ya saa 10 za kazi, na wakati wa upepo mkali kila baada ya saa 5: safisha vichwa, mhimili na kigurudumu.

Kila mwezi: sikiliza kanda ya Kipimo. Tazama vishikio vya betri.

Kila baada ya saa 50: ondoa usumaku, kifaa kikiwepo.

Kila likizo: toa betri, safisha, funga ndani ya sanduku.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mashine na iwe na daftari lake lenye safu tano: tarehe, saa zilizotumika, usafi uliofanywa, hali ya betri, na saini ya mwalimu. Daftari hilo lina faida kwa mwalimu ajaye zaidi ya yule aliyeliandika, kwa kuwa walimu huhamishwa na mashine hubaki.

Kuyageuza haya kuwa somo

Utunzaji ukifichwa ofisini, ni kazi ya mtu mmoja. Ukipelekwa darasani, ni elimu. Andalio lifuatalo lafaa kwa somo la sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa vipindi viwili.

Lengo: mwanafunzi aweze kueleza kwa ushahidi kwa nini usafi wa mashine hubadili sauti.

Zana: kinasa sauti kisichosafishwa kwa majuma mawili, kanda ya maneno, vifaa vya usafi.

Hatua ya 1. Mwalimu acheze maneno 20 aliyoyarekodi mapema, yakiwamo samani, thamani, sindano, shindano, zana, dhana, suka na shuka, bila mpangilio wa kukisika. Kila mwanafunzi aandike alichosikia.

Hatua ya 2. Wanafunzi wakusanyike kwa makundi, watazame mwalimu akisafisha, na wazikague pamba zilizotumika. Wapange pamba hizo juu ya karatasi nyeupe kwa utaratibu wa kutumika kwake.

Hatua ya 3. Mwalimu abadili mpangilio kwa kutumia upande wa pili wa kanda, ambao umerekodiwa maneno yale yale kwa mfuatano mwingine. Wanafunzi waandike tena.

Hatua ya 4. Makosa ya awamu zote mbili yahesabiwe na kuchorwa grafu ya mihimili ubaoni. Wanafunzi waulizwe ni herufi zipi zilizokosewa zaidi, na kwa nini irabu hazikukosewa sana.

Mwalimu asiseme jibu mapema. Jaribio laweza kutoa tofauti kubwa au ndogo kwa kadiri ya uchafu uliokuwapo. Tofauti ikiwa ndogo, hilo nalo ni fundisho: majuma mawili hayakutosha, au mashine ilifunikwa vizuri. Wanafunzi wajifunze kuamini walichokihesabu.

Hitimisho

Tumeona kwamba uchafu mwembamba kuliko unywele hufuta konsonanti huku ukiziacha irabu, na kwamba pamba, alkoholi, kitambaa na dakika chache zatosha kuuondoa. Tumeona pia kwamba mashine isiyotunzwa huharibu kanda ambayo pengine haina ndugu duniani. Kati ya sauti ya mzee aliyekwisha kufariki na masikio ya mtoto wa leo kuna uso wa chuma usiozidi upana wa ukucha. Mwalimu aufute kabla hajabonyeza kitufe.

Maswali ya mjadala

1. Eleza kwa nini kuongeza sauti kwa kitufe hakuondoi kasoro ya kichwa kichafu.
2. Kanda ya Kipimo imechukua sekunde 57 kati ya mapigo mawili. Mashine ina hitilafu gani, na kanda hiyo ingeweza kurekodiwa katika hali gani ili itoe jibu hilo hata kama mashine ni nzima?
3. Tayarisha ratiba ya utunzaji kwa shule iliyo karibu na bahari, ambako unyevu na chumvi ni adui wakubwa kuliko vumbi.
4. Wanafunzi wako wamegundua kaseti tano za zamani kijijini, nawe una nafasi ya kunakili moja tu juma hili. Utachagua kwa vigezo gani?